Mama Kanipa Shikamoo

Wenzangu ofisini tukikaa kula mchana wanalalamikia watoto. Huyu binti yake yuko kidato cha tatu, kaanza kurudi usiku. Yule kijana wake hapokei simu, lakini picha anapandisha kila saa. Mimi natafuna wali wangu kimya. Nikisema na mimi ninaye wa hivyo hivyo, wataniuliza ana miaka mingapi. Niwajibu nini? Sitini na miwili?

Ndiyo, ni mama yangu mzazi. Mwalimu mstaafu, kafundisha shule za msingi Temeke mpaka nusu ya makonda wa Mbagala wakimwona wanaficha sigara. Kijana wa miaka arobaini anasimama kwenye daladala, anamwachia siti, anasema "shikamoo mwalimu" huku mkono mmoja umeshika matako kwa kumbukumbu za zamani. Mwanamke wa heshima zake. Mimi ndiye niliyebaki kumtafuta usiku.

Kastaafu 2023, miaka sitini kamili kama sheria inavyotaka. Mimi ni afisa mikopo benki, kwa hiyo siku kikokotoo cha mafao yake kinatoka nilikuwa nimeshamaliza kazi. Karatasi ninayo. Mkupuo wa asilimia 33 unajenga vyumba vinne vya kupangisha Chamazi, choo ndani, kodi ya miezi sita sita. Pensheni ya mwezi ni ya kula. Kuku wa mayai wanamshughulisha asizeeke vibaya. Nikamsomea mstari kwa mstari. Kasikiliza vizuri sana, kavua miwani, kasema: "Tisini na nane kwa mia. Mbili nimekukata kwa kutoniuliza."

Vyumba havijajengwa mpaka leo. Kuku hata yai moja sijaliona. Alichofanya kwanza ni kujiunga na joging.

Kama huishi Dar es Salaam labda hujui joging ni nini. Usidhani ni mtu na raba zake anakimbia kivyake kwa ajili ya sukari. Ni kundi zima, fulana za rangi moja, Jumapili alfajiri, wanajaza barabara, mmoja mbele anaimbisha, wengine wanaitikia na kupiga makofi, na magari yote nyuma yanasubiri kama yamefiwa. Sasa mimi nimo kwenye gari, suti, mke, watoto, tunawahi misa ya kwanza. Nasubiri wapite. Nanyoosha shingo nimwone huyo mwimbishaji mwenye sauti ya kukwaruza. Mama! Na maneno ya wimbo wenyewe si ya kuandikwa mahali watu wazima wanasoma. Watoto wakashusha vioo: "Bibiii!" Nikapandisha vioo. Nageuka kumwambia mke wangu aone aibu hii, nakuta mke wangu anaitikia.

Wakimaliza wanakunywa supu. Wakimaliza supu wanavuka kwenda kuwatembelea wenzao Kigamboni. Anarudi jioni kwa bodaboda, kakaa kiume. Nikamwambia, mama, mtu mzima hukaa upande. Akasema anayekaa upande ndiye anayeanguka. Nilitafuta hoja ya kumjibu, sijaipata hadi sasa.

Simu hapokei. Ujumbe wangu anausoma, tiki mbili za bluu zinawaka, kimya. Dakika kumi baadaye naona kwenye statasi yake anakula muhogo ufukweni Coco, pilipili inamtoa machozi, na nyuma yake kuna vijana siwajui wanacheka.

Usiku mmoja nikasema liwalo na liwe. Nikaenda kwake, nikakaa kwenye ngazi, nikangoja. Saa tano kasoro geti likalia. Kaingia taratibu, viatu mkononi. Akaniona. Akapiga goti kidogo: "Shikamoo baba."

Jamani, nikaitikia marahaba! Ilitoka yenyewe. Na kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, nikaendelea: "Umetoka wapi saa hizi?"

"Nilikuwa kwa rafiki yangu, tunasoma."

Alicheka mpaka akashikilia geti. Inabidi nieleze kwamba mimi nina jina la babu, baba yake mama, katekista wa Ifakara, mzee ambaye redio ilikuwa inazimwa akikohoa. Ndiyo maana tangu utotoni mama ananiita "baba". Nilikuwa naona ni mapenzi. Usiku ule kajifuta machozi, kaniambia: "Yule mzee nilimkimbia Ifakara, nikajua nimepona. Kumbe kanitangulia, kajificha tumboni mwangu, kaja kunitokea amevaa tai."

Nilijua limeisha. Mwezi uliofuata nikapokea ujumbe wa sauti, nyuma kuna honi ya treni. "Baba, niko TAZARA, daraja la pili, vitanda sita, wanawake watupu, tunacheka tu. Ufunguo uko kwa jirani. Nakwenda Zambia."

Nikapiga. Kwa mara ya kwanza akapokea. Zambia kuna nini? Hakuna kitu. Unamjua nani Zambia? "Simjui mtu. Ninaowajua nimeshawaona." Na pasi ya kusafiria katoa lini? Mimi yangu imo kwenye bajeti ya mwaka kesho.

Baadaye nikaelewa kidogo, ingawa kuelewa si kuridhia. Wachina wanajenga ile reli ya TAZARA kutoka Dar kwenda Zambia, 1970 hadi 1975, mama alikuwa mtoto pale pale Ifakara. Kaona tuta likipanda, kaona vyuma vikilazwa, halafu katekista kapiga marufuku binti kusogelea stesheni. Miaka yote ya ualimu kapanda treni hiyo Dar kwenda Ifakara, kashuka, kasalimia, karudi. Treni inaendelea na safari, yeye kasimama na kikapu. Sasa anataka kuona inakokwenda. Inakwenda New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Ningemwonyesha kwenye ramani bure.

Kwenye hifadhi ya Nyerere kanitumia picha ya twiga, twiga haonekani. Halafu kimya mpaka Tunduma.

Aliporudi nikaitisha kikao. Peke yangu simwezi, nikamwomba baba mkwe. Baba mkwe ni mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kalamu mfukoni, akikukanya unaomba radhi hata kwa makosa ya jirani. Nikaandaa ajenda: moja, vyumba vya Chamazi, mbili, muda wa kurudi nyumbani, tatu, safari zisizo na taarifa. Tukakaa sebuleni kwa baba mkwe. Mzee kasafisha koo. Nikafurahi.

"Mwalimu," kasema, "nasikia ulipanda TAZARA."

"Nilipanda, mzee mwenzangu."

"Ulipita Mlimba mchana au usiku?"

Nikadhani ni mbinu ya kumlainisha. Kumbe mzee wa watu, akiwa na miaka kumi na saba, alibeba saruji kati ya Mlimba na Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, milima, mabonde, mahandaki yamefuatana. Mke wangu mwenyewe hakuwahi kusikia habari hiyo. Mzee kasimama, kachukua mito ya kochi, kapanga daraja. Kaonyesha msimamizi wao wa Kichina alivyokuwa anapima kamba. Kasalimia Kichina. Mama anauliza, na lile handaki refu? Mzee anasema, pale mimi nilikuwa natoa kifusi, na tangu nitoe kifusi sijawahi kulipita nimekaa kwenye kiti.

Nikakohoa, nikainua karatasi yangu. Mama mkwe akadhani naomba chai, akaniongeza.

Saa nne usiku mito yote ilikuwa sakafuni, imefika Makambako. Ndipo baba mkwe akanigeukia kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mkwe, hivi pale kwenu mstaafu anakopesheka?"

Mama akanijibia: "Anakopesheka vizuri tu. Ila karatasi ujaze mwenyewe, mzee mwenzangu. Ukimwachia huyu atakujengea vyumba Chamazi."