Ukumbi wa watu mia tano nao huulizika

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu Dar es Salaam, awe Mlimani au Chang'ombe, hugundua mapema jambo ambalo halimo kwenye ratiba: kuhudhuria kipindi ni jambo moja, kufaulu ni jingine. Madesa, yaani notsi za waliotangulia, yapo. Slaidi CR, mwakilishi wa darasa, atazituma kwenye kundi la WhatsApp, na mitihani ya miaka iliyopita inatolewa kopi steshenari za jirani. Mhadhiri anayesimama saa mbili akisoma slaidi zilezile anashindana na karatasi hizo, na karatasi zinamshinda kwa sababu hazina foleni ya Ubungo. Kwa hiyo wito wa ufundishaji shirikishi, yaani mwanafunzi afikiri, ajibu, abishane na kutatua jambo ndani ya kipindi chenyewe, naukubali kwa moyo wote. Lakini wahadhiri wanaousitia si wavivu. Wana hoja, na baadhi ya hoja hizo ni nzito kuliko majibu wanayopewa kwenye semina elekezi.

Kwanza ushahidi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kukatiza mihadhara yake kwa maswali. Kila mwanafunzi alijibu peke yake, kisha akageukia jirani wakabishana, kisha wote wakajibu upya. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, kwenye madarasa shirikishi walikuwa asilimia 21.8. Katika kila wanafunzi mia, hao ni watu 12. Kwa mzazi wa Mbagala anayeongezea ada juu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, tofauti hiyo ni kati ya mtoto kuendelea na mtoto kusapu, yaani kurudia mtihani.

Uchambuzi huohuo una jambo ambalo washabiki hulipita haraka. Mafanikio yalionekana zaidi kwenye madarasa madogo, ya wanafunzi wasiozidi 50. Hapo mhadhiri wetu anauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi mwenye mia tano ukumbini, wengine wakisikilizia mlangoni, nifanyeje? Viti vimepigiliwa sakafuni. Maikrofoni ni moja. Nikiwagawa makundi ya watu kumi nina makundi hamsini, na nani atayapitia?

Jibu langu ni kwamba makundi ndiyo chaguo baya kuliko yote kwa ukumbi wa namna hiyo. Kila aliyesoma chuo hapa anaijua kazi ya kundi: wawili wanaandika, mmoja anachangia hela ya kuprinti, waliobaki wanatuma namba za usajili ziwekwe kwenye jalada. Kinachowezekana ni kile cha Mazur, na hakihitaji mtambo. Swali moja gumu lenye majibu manne, dakika moja ya kimya, mikono juu kwa kila jibu, dakika tatu za kubishana na aliyekaa jirani, mikono tena. Viti vilivyopigiliwa havimzuii mtu kumgeukia mwenzake. Swali likiwa zuri, yaani limegusa pale ambapo wengi hukosea, ukumbi mzima unaamka na mhadhiri anajua papo hapo nani hajaelewa nini. Gharama yake ni mada. Huwezi kumaliza kila kifungu cha mtaala kwa mwendo huo, na mhadhiri anayeogopa kulaumiwa na idara yake kwa kuacha mada mbili haogopi kivuli. Mimi ningeziacha, nizigawe kama usomaji wa nyumbani, lakini idara ndiyo inayopaswa kumpa ruhusa hiyo kwa maandishi.

Hoja ya pili hapa petu ni lugha, na naiona kubwa kuliko idadi. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza. Ukiuliza swali kwa Kiingereza ukumbini, watajibu walewale watatu wa mstari wa mbele, na huo si ushiriki. Wengine wana mawazo lakini hawataki kuchekwa. Wapo wanaosema kuruhusu Kiswahili kwenye mjadala kutamdhuru mwanafunzi kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Wasiwasi huo una msingi. Ila mtu hawezi kuandika vizuri kwa lugha yoyote jambo ambalo hajalielewa. Wabishane kwa Kiswahili na jirani, kisha mmoja aseme hitimisho kwa Kiingereza, na mhadhiri amsaidie kuinyoosha sentensi. Nje ya ukumbi, vimbwetani, yaani kwenye viti vya nje wanakojisomea, hivyo ndivyo wanavyosoma tayari.

Tatizo jingine ni wanafunzi wenyewe. Louis Deslauriers na wenzake walipopima madarasa ya fizikia Harvard, utafiti uliotoka 2019, waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio lakini wakaamini wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu unafanana na kutoelewa. Mhadhiri asipolieleza hili mapema, fomu za tathmini za mwisho wa muhula zitamwadhibu.

Mtandaoni mambo hubadilika. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo hadi vilipofunguliwa tena 1 Juni, ilionekana wazi kwamba kuhamishia mhadhara Zoom hakumfanyi mtu ashiriki. Kamera zimezimwa, bando linakatika, anayesoma yuko sebuleni Gongo la Mboto na wadogo zake watatu. Kumlazimisha awashe kamera ni kumtoza data na kumwanika. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kimejengwa juu ya wazo kwamba mwanafunzi anaweza kuwa mbali na mwalimu, na wazo hilo linadai kazi inayofanyika kwa saa ya mwanafunzi. Swali liwekwe Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni, au kwenye kundi la WhatsApp Jumatatu. Kila mmoja ajibu kwa maandishi au sauti ya dakika moja kufikia Alhamisi. Kila mmoja apinge au akamilishe jibu la mwenzake mmoja. Kipindi cha moja kwa moja kiwe kifupi, cha kutatua yale yaliyogawanya watu. Majibu yatakayonakiliwa kutoka kwenye akili bandia yatakuwepo. Swali linalomtaka aeleze bei za soko la Mabibo wiki hii au mfereji wa mtaani kwake hupunguza hilo, ingawa haliondoi.

Yote haya yanafika ukingoni kwenye mtihani. Kama karatasi ya mwisho bado inasema taja sifa tano, mwanafunzi anayeliacha darasa shirikishi na kukariri madesa anafanya hesabu sahihi kabisa. Kabla idara haijaomba bajeti ya skrini janja, ichukue karatasi ya muhula huu na kuuliza ni maswali mangapi yanaweza kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kuingia darasani, kisha ianze kuyabadilisha hayo.