Darubini si aibu, ila usiing'oe punje ya mbele

Kila Julai 1 inapokaribia na watu kuanza kusafisha bunduki, hapa Tabora hairudi tu harufu ya mafuta ya mtutu, inarudi na kauli ile ile: mwindaji wa kweli hafungi darubini kwenye bunduki, darubini ni ya asiyejua kulenga. Kauli hii inaniudhi kweli, kwa sababu gharama yake halipi anayeitamka. Analipa mnyama, yule pofu anayeondoka na risasi tumboni, akafia kichakani kesho yake, nyama ikawa ya fisi.

Tupige hesabu. Punje ya mbele, kile kinundu cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu, yenye upana wa milimita 1.6, ikiwa sentimita 90 kutoka jichoni, inafunika karibu sentimita 18 za kitu kilicho mita 100. Kwa mita 150 inafunika sentimita 27. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala haifiki shubiri moja. Kwa hiyo katika mita 150 punje imekwisha kuifunika yote na kubakiza. Hapo hulengi moyo, unalenga mnyama mzima na kuomba.

Halafu kuna jicho. Kilengeo cha chuma kinalitaka lishike vitu vitatu: mfuo wa nyuma, punje ya mbele na mnyama. Jicho huona sawasawa umbali mmoja tu kwa wakati mmoja, ndiyo maana tunafundishwa kukazia punje na kumwacha mnyama afifie. Ukivuka miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho inakakamaa, punje yenyewe inaanza kuwa na ukungu, na hakuna mazoezi yanayoirudisha. Kilengeo cha nyuma cha tundu kinapunguza tatizo, hakilimalizi. Darubini inaweka msalaba wa kulengea na mnyama pamoja mbele ya jicho. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko hata kukuza.

Dharau hii nadhani imetokana na gobore, silaha ya kupigia hatua ishirini au thelathini. Kwa umbali huo ilikuwa na haki. Lakini miyombo ya Julai, nyasi zikiwa ndefu, si miyombo ya Septemba baada ya moto kupita, pale unapomwona kongoni mita 150 amesimama peupe.

Sasa wale wa upande wa pili, wanaofunga darubini inayokuza mara 6 hadi 24 kwa sababu ni kubwa. Ukiwa kwenye 6 na nyati yuko mita 20, unaona manyoya tu, hujui ni bega au paja. Kwa pori letu inatosha 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, yenye lenzi ya mbele ya milimita 20 au 24. Kwenye bunduki nzito ya .375, inayorudi nyuma kwa nguvu, hakikisha jicho linakaa walau sentimita 9 nyuma ya darubini, la sivyo itakupasua nyusi. Tena kumbuka darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita nne hivi: wewe unaona peupe, mtutu unatazama bega la kichuguu. Risasi nyingi zimeishia hapo.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kumfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya kichaka ni kazi ya kilengeo cha chuma. Hakina kioo cha kuloa wala cha kushika vumbi. Ndiyo maana namlilia fundi anayekata vilengeo ili bunduki "ipendeze". Viache, funga darubini kwa pete za wenzo zinazofunguka kwa mkono, na vyote viwili vihakikiwe kwa risasi ile ile.

Kufunga nako kunaharibiwa na haraka. Futa mafuta kwenye skrubu na matundu yake kwa spiriti, kaza pete kwa takriban nyutoni mita 2, kisha weka tone la rangi ya kucha kwenye kila kichwa ili ujue ikilegea. Kisha ihakiki kwa risasi: anza mita 25, halafu 100. Darubini ya robo dakika (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii) inasogeza risasi karibu milimita 7 kwa kila kliki ya kirekebishi chake katika mita 100, lakini mita 25 ni chini ya milimita 2. Kosa la sentimita 10 hapo linataka kliki kama 55, si 14. Wengi huishia 14, wakailaumu darubini.

Chuma kina hesabu yake: kosa, mara umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha, ndipo upate kiasi cha kusogeza kilengeo. Sentimita 10 kwenye mita 50, vilengeo vikiwa nusu mita, ni milimita 1 tu. Cha nyuma kisogeze kule unakotaka risasi iende. Cha mbele kinyume chake. Na ukishafika kambini, baada ya makorongo ya njiani, piga tatu kwenye karatasi kabla hujamtazama mnyama yeyote.