Siku Canter Yangu Iliposema "Kamwene"

Kwa miezi mitatu niliishi maisha ya mteremko.

Asiyewahi kumiliki gari bovu hataelewa. Stata ya Canter yangu, lori dogo la mwaka 1994, ilikuwa imeanza kugoma. Unazungusha ufunguo, inajibu "ta!" moja, kama mtu amegonga bati kwa ukucha, kisha kimya. Unarudia: "ta!" Lakini mimi naishi Njombe, na Njombe ni vilima mpaka uchoke, kwa hiyo sikuona haraka ya kutafuta fundi. Jioni naegesha pua ikitazama bondeni. Asubuhi utingo anatoa jiwe, gari linaanza kujivuta lenyewe, gia ya pili, naachia klachi, dizeli hiyo inanguruma. Bila senti tano.

Shida ni kwamba mteremko ukikuzoea unakupangia hadi ratiba. Mkate nilinunua duka la kule juu, lenye mikate ya juzi. Gesti nilichagua kwa mteremko, kunguni baadaye. Mtu akinipigia nikambebee viazi, swali langu la kwanza: "Kwako kukoje, tambarare?" Wengine walidhani nataka kununua shamba. Harusi ya binamu yangu ilikuwa Makambako, tena uwanjani kabisa, hakuna hata kichuguu. Nikakaa garini kwa muda wa saa tano injini ikiunguruma, pilau nikaletewa dirishani. Kwenye picha za harusi nimo. Ni ule moshi nyuma ya bibi harusi.

Hendibreki nayo ilikuwa pambo. Nikiegesha popote naweka jiwe kwenye tairi na naacha gia namba moja. Naomba uikumbuke hiyo gia namba moja, maana mimi nilikuja kuisahau.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alisema betri. Gari hili ni la volti 24, lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, kwa hiyo ushauri wa betri ni ushauri mara mbili. Nikatoa hela ya mbegu, nikanunua mbili mpya. Nikazungusha ufunguo. "Ta!"

Wa pili akasema stata imekufa. Ikafunguliwa, na kweli kaboni zilikuwa zimelika zimebaki kama kucha za mtoto. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Tukaweka kaboni mpya na bushi mpya, shaba za rota zikapigwa msasa. Tukaijaribu chini kwa waya kutoka kwenye betri. Ikazunguka kwa nguvu mpaka ikaruka mkononi mwa fundi kama kambare. Tukaifunga kwenye gari. "Ta!"

Wa tatu akabadilisha solenoidi, ile swichi ya stata. Unajua ilisema nini.

Wa nne alikuwa shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika spana. Aliniita pembeni. "Shemeji, gari lina betri mpya, stata mpya, na bado linakataa. Hapo si umeme tena. Nani anakuonea wivu?" Ningemcheka, ila kulikuwa na jambo lililokuwa linaninyima usingizi. Kila nikizungusha ufunguo, utingo aliyekuwa akichungulia kwenye injini alikuwa anapiga kelele: "Bosi! Waya wa mafuta unafuka moshi!" Huo ni waya wa chuma unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu. Hauna umeme, hauna kazi yoyote na ufunguo. Nilipougusa ukanichoma kidole. Nikaanza kuwahesabu wenye malori wote wa mtaani, mmoja mmoja, nani ana sura ya kunifanyia hivi.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ya uwanja wa wazi. Ng'ambo ya uwanja kuna kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, na ilikuwa Februari, mvua zimekolea, ulanzi unatiririka, wazee wamejaa kwenye benchi saa nne ya asubuhi. Tulifika tukinguruma, nikazima, utingo akaweka jiwe nyuma ya tairi kwa sababu uwanja umeinama kidogo kwa nyuma.

"Kamwene," mzee akanisalimia.

"Kamwene, mzee."

Hakushika spana. Aliniambia niwashe taa kubwa, halafu nizungushe ufunguo. "Ta!" Taa hazikutingishika. "Betri nzima," akasema. "Zingekuwa zimechoka, taa zingesinzia." Laki nne na nusu zangu za betri zikapita mbele ya macho yangu.

Utingo, ambaye hajui kutunza siri za nyumbani, akamweleza habari za moshi. Mzee alicheka akakaa juu ya tairi bovu.

"Mwanangu, umeme ukitoka betri ukaingia stata, lazima urudi kwao. Unarudi kupitia bodi ya injini, na injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo imefungwa waya mnene wa kuiunganisha na chesisi. Ethi. Wako umeoza. Sasa umeme umekosa barabara, unapita njia za panya. Njia ya panya yenyewe ndiyo huo waya wa mafuta, mwembamba, unaungua."

"Mbona honi inalia, mzee?"

"Honi na taa ni kuku, zinapita popote. Stata ni ng'ombe."

Tukanyanyua kichwa cha gari ili injini ionekane. Canter ikinyanyuliwa kichwa inalala kifudifudi, kioo cha mbele kinatazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi. Ufunguo niliuacha umewashwa, ndivyo alivyotaka. Akachukua waya wake mnene, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini. Akachukua bisibisi ndefu ya kugusanisha vichwa vya solenoidi. Kabla hajagusa, kama fundi mwenye akili yake, akauliza:

"Iko fri? Haina gia?"

Nikamtazama utingo. Utingo akanitazama. Kila mmoja alikuwa anamtegemea mwenzake.

"Iko fri," nikasema, kwa ile sauti ya mwenye mali.

Mzee akagusa.

Haikusema "ta". Miezi mitatu ya ng'ombe waliofungiwa zizini ilitoka kwa pamoja. Gari likaruka hatua moja mbele, injini ikadaka, ule waya wa mzee ukachomoka ukabaki unaning'inia, na Canter ikaanza safari, gia namba moja, kichwa kimeinama, hakuna mtu ndani. Jiwe likabaki peke yake kule nyuma, halina kosa lolote.

Nilifanya jambo ambalo hadi leo naulizwa. Nililipungia mkono na kuliambia, "Simama!"

Kupanda kwenye usukani huwezi, usukani umeangalia ardhi. Utingo aliliokota lile jiwe akawa anakimbia nalo mbele ya gari, analiweka, anaogopa, analiokota, anakimbia tena. Canter haikuwa na haraka. Ilitembea mwendo wa mgeni mwenye adabu, moja kwa moja kuelekea kilabuni. Benchi zima likainuka kwa mpigo mmoja, vikombe juu, ulanzi ukawamwagikia mabegani. Babu mmoja tu hakuinuka.

Aliyeokoa jahazi ni mzee fundi. Aliwahi ubavuni kwa gari, akatembea nalo sambamba, akaingiza mkono palipo pampu na kuvuta kile kimkono cha kuzimia. Injini ikakohoa, ikakata. Gari likasimama kioo chake kikiwa juu ya ndoo ya ulanzi, kinachungulia ndani kabisa.

Kimya. Yule babu aliyekaa akaliangalia gari, akaangalia ndoo, akainua kikombe.

"Kamwene," akaliambia. Kisha akamgeukia mama muuzaji: "Mpimie lita moja. Inaonekana katoka mbali."

Waya mpya wa ethi, boliti moja na kipande cha msasa vilinigharimu 15,000. Ulanzi uliomwagika, kwa hesabu ya mama muuzaji, 22,000. Nilikataa kwamba benchi moja linaweza kumwaga ulanzi wa pesa hiyo saa nne asubuhi. Wazee wote wakaapa kwamba linaweza.

Siku hizi Canter inawaka kwa mguso mmoja, hata Makambako. Lakini nikipita ile njia, wazee wa lile benchi huinamisha vichwa wote kwa pamoja, taratibu, mpaka usawa wa ndoo, na wanakaa hivyo hivyo wakinisubiri. Hawainuki mpaka nipige honi.