Mjamzito kazini na jua la Mtwara: apumzike au aendelee?

"Mimba si ugonjwa." Kauli hii utaisikia Mtwara na Lindi kila mjamzito anapoambiwa apunguze kazi, na mara nyingi anayeitamka ni yeye mwenyewe. Ina ukweli wake. Kama mimba haina matatizo, kazi ya wastani haina madhara, na kliniki huhimiza mama asikae tu kitako. Tena akikaa, nani atamlisha? Msimu wa korosho haumsubiri mtu ajifungue.

Kinachosahaulika ni joto. Mtwara mjini iko nyuzi 10 na ushei kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ni Oktoba, korosho zinadondoka na mvua bado. Juu yake kuna unyevu wa pwani: jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mjamzito tayari moyo wake unasukuma damu nyingi kuliko kawaida, na joto la mtoto tumboni sharti lipitie kwake. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia wakulima wajawazito 92, ulionyesha kuwa joto linalomkabili mama likipanda kwa nyuzi moja, uwezekano wa mtoto kuonyesha dalili za kuelemewa, kwa mapigo ya moyo au mtiririko wa damu kwenye kitovu, huongezeka kwa asilimia 17.

Je, basi mjamzito aondolewe kazini? Mimi nasema kwanza tuangalie ni kazi gani. Kuokota korosho chini ya mkorosho kuna kivuli kizuri. Taabu ni kuinama siku nzima na kubeba gunia kurudi nyumbani. Kwenye mashamba ya chumvi hakuna mti, na weupe wa chumvi unarudisha jua usoni. Kubangua kwa kukaanga uani ni moto juu ya joto, pamoja na moshi na mafuta ya ganda yanayounguza ngozi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema vizuri: likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na kama kazi ni ya hatari kwa mama au mtoto, mwajiri ampe nyingine inayofaa, ikiwezekana, bila kumpunguzia masharti. Lakini anayelipwa kwa kilo, bila mkataba, ataishika wapi sheria hiyo?

Wenye kazi nao wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Mama mwenye kikundi kidogo cha kubangua, anayesubiri mnunuzi, akilazimishwa kulipia mapumziko ya wajawazito, msimu ujao atachukua wasichana. Kinga inageuka kuwa sababu ya kunyimwa kibarua, na wanawake wanaanza kuficha matumbo kwa khanga. Mimba changa hata hivyo haitangazwi huku kwetu, kwa hiyo utaratibu wowote unaoanza na "jitambulishe kuwa una mimba" utamkosa yule wa miezi ya mwanzo.

Kwa sababu hiyo naona kivuli, maji na choo viwe vya wafanyakazi wote, asihitaji mtu kujieleza. Choo nimekitaja makusudi: wapo wanaokunywa maji kidogo wakiogopa kwenda haja ndogo kila mara mahali pasipo na stara, na matokeo yake ni mkojo wa njano iliyokolea, kizunguzungu, na maambukizi ya njia ya mkojo. (Mama akiona mtoto amepunguza kucheza, huo si wakati wa kumalizia ndoo, ni wa kwenda kituoni.)

Kuhamishia kazi alfajiri kunapendekezwa sana, na kwenye chumvi kunafaa. Nyumbani lakini alfajiri ina wenyewe: maji ya kuchota, uji wa watoto. Mume asipobeba ndoo, ratiba mpya ni mzigo mwingine tu.

Linabaki suala la malipo, na hapa ndipo pagumu kuliko yote. Kulipwa kwa kilo kunamfanya mama ajinyime mwenyewe mapumziko, hata kivuli kikiwepo. Vikundi vya kubangua vinaweza kuanza bila kusubiri mkaguzi: mjamzito akae kwenye kumenya ngozi na kuchambua madaraja, wenzake washike moto na magunia, na fedha igawanywe kwa siku badala ya kilo. Watakaolalamika watakuwepo, hasa wenye mikono myepesi, na wana haki ya kuuliza. Lakini wengi wao nao watapita huko huko, na fungu litakuwa linawasubiri.