Shindano la Kirafiki na Ngazi ya Watu

Mtu akikuambia kwamba jambo fulani litakuwa la kirafiki tu, muulize mapema ni nani atakayeulipia urafiki huo, kwa sababu mimi nimeshaona kwamba anayelipa ni mwenyeji. Mechi ya kirafiki angalau huwa na refa mwenye filimbi na askari wawili wanaokula njugu pembeni. Shindano la kirafiki la mashairi na visa vifupi halina filimbi wala askari. Lina mtu mmoja wa Wete mwenye simu iliyojaa, na mtu huyo ni mimi.

Jumuiya yetu ya waandishi hukutana kwa simu, kwa kuwa baadhi yetu tuko Pemba, wengine wako Unguja, na wachache wametawanyika Maskati na London. Kila mwezi hufanyika shindano lenye sehemu mbili: shairi lisilozidi beti 5, na kisa kisichozidi maneno 100. Zawadi ni kilo moja ya halua ya Wete, ambayo kila mwanachama anaamini kwamba mwenyeji anayeishi Wete huipata bure. Waasisi wa jumuiya, watu ambao siku hizi hawaandiki wala hawasemi, walituachia kanuni kwamba mshindi wa mwezi huu ndiye mwenyeji wa mwezi ujao. Maana yake ni kwamba unashinda, unapongezwa, unarushiwa maua ya kila rangi kwenye kioo cha simu, halafu unakabidhiwa adhabu yako, na haikatiwi rufaa.

Kazi ya kwanza ya mwenyeji ni kutoa mada. Bahari ilikataliwa kwa hoja kwamba imeshaimbwa ikakauka. Mapenzi yalikataliwa na mwalimu mstaafu wa Chake Chake, aliyekumbusha kwamba humu ndani mna wakwe na wakweze. Siasa niliikataa mwenyewe kwa kuwa napenda kulala kwangu. Hatimaye nikatoa mada ya "Jirani", nikidhani kwamba nimeokota kitu cha amani, nikasahau kwamba ninaishi katika visiwa ambavyo mtu hawezi kulisifia embe bila ya watu watatu kuuliza anamsema nani. Kwetu shairi ni fumbo tangu enzi za mabibi, na msikilizaji hodari ni yule anayejikuta yeye mwenyewe ndani yake kabla ya ubeti wa pili. Kutoa mada ya "Jirani" kwa watu wa namna hiyo ni kuwaruhusu rasmi waseme yote waliyoyameza tangu mfungo uliopita.

Nikatangaza kwamba kazi zitapokelewa mpaka saa 6 usiku wa Ijumaa. Ungedhani sentensi hiyo haina tundu la kupitisha sindano. Ndugu yetu wa London akauliza, kwa adabu zake zote, kwamba hiyo ni saa 6 ya wapi, kwani yeye yuko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto. Wa Maskati, aliye mbele yetu kwa saa moja, akalalamika kwamba mwenzake anaongezewa muda ilhali yeye anakatwa. Nikafafanua kwamba saa inayohesabiwa ni ya Wete. Bwana mmoja wa Unguja akauliza kama saa ya Wete na ya Mjini ni moja. Huyu nilijua ananitania, lakini nilimjibu, maana mwenyeji asiyejibu huambiwa amepata kiburi. Hata hayajatulia, mzee mmoja wa Micheweni akaomba asogezewe muda kwa sababu umeme umekatika na simu yake haina chaji, ombi ambalo aliliandika, pamoja na salamu ndefu kwa jamaa zangu wote, kwa simu hiyohiyo.

Visa vikaanza kuingia. Niliwaeleza tangu mwanzo kwamba maneno 100 ni mengi, na kwamba Augusto Monterroso, mwandishi wa Guatemala, alichapisha mwaka 1959 kisa cha Kihispania chenye maneno 7 tu na bado kinasomwa. Swali pekee lililotokana na darsa hilo ni kama alilipwa kwa neno. Wengine wakatuma sura ya kwanza ya riwaya, na chini yake wakaandika "itaendelea". Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, hakuna mwanachama wetu anayekubali kwamba kazi yake inaweza kurudishwa kwa sababu ndogo kama ya maneno kuzidi.

Walionichosha zaidi, hata hivyo, ni wale waliotii kanuni kwa ujanja. Kiswahili ni lugha yenye ukarimu kwa mwandishi wa visa vifupi, kwa kuwa mtendaji, wakati, mtendwa na ukanushi vyote hukaa ndani ya kitenzi kimoja, na mtu akiandika "hawakuturudishia" huwa ametumia neno moja tu kati ya 100 aliyopewa. Ungetaraji kwamba ukarimu huo ungewatosha. Haukuwatosha. Kwanza wakaunganisha "kwasababu" na "kwahiyo", nikanyamaza, kwa kuwa hata kwenye mabango ya barabarani yanaandikwa hivyo. Kisha ikaja "kwaajiliya", ikafuatiwa na "bilayakujua", na kwenye kisa kimoja kutoka Mkoani nikakuta "jiranihuyumwenyewe", neno refu kama boti ya abiria, likiwa limehesabiwa moja. Nilipolitenganisha, kisa kikawa na maneno 131, na mwandishi akanituhumu kwamba nimemwongezea maneno ambayo hakuyaandika.

Bibi mmoja wa Konde, ambaye macho yake hayapatani tena na vioo vya simu, alituma kisa chake kwa sauti, na ndani ya sauti hiyo anasikika akimfukuza kuku, akimjibu mtu aliyepiga hodi, na kurudi palepale alipokiachia bila ya kupoteza hata nukta. Nilikiandika chote kwa mkono wangu. Kilikuwa kizuri kuliko visa vyote vilivyoletwa, hilo nalisema bila ya kupepesa, isipokuwa kilizidi maneno 900. Nilipomwomba akipunguze, akaniuliza, "Mwanangu, katika jirani zangu hawa, nimtoe nani?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli mpaka sasa sinalo.

Kwenye mashairi ndiko kulikokuwa na nasaba. Mwanachama yeyote aliyezaliwa Pemba hujiona mjukuu wa Kamange na Sarahani, malenga wa kisiwa hiki waliokuwa wakijibizana kwa tungo, na kwa hiyo haoni kwa nini akosolewe na mtu ambaye babu yake aliuza mbatata. Mwalimu mstaafu, naye, kila akitaka kuwanyamazisha wenye shahada humtaja Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, ambaye masomo yake yalikuwa ya chuo cha Kurani na bado wenye shahada wakaenda kukaa chini kumsikiliza. Kijana mmoja wa Kikwajuni akaleta shairi lisilo na vina wala mizani, lenye mstari wa neno moja, mstari mtupu, kisha neno jingine. Hapo ukafufuka upya ule ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanausasa, wanaoviacha, uliowaka miaka ya 1970, kana kwamba wahusika walikuwa wamekwenda tu kunywa chai. Kwa upande wangu naona shairi huru lina haki yake ya kuishi, lakini la kijana huyu lilikuwa huru mno, hata maana ilikuwa imeshaondoka.

Nilibandika kazi zote bila ya majina, kila moja kwa herufi yake, ili haki itendeke. Hapa ndipo balaa lilipoingia, kupitia Shairi H, ambalo ubeti wake wa kwanza ulisema hivi:

Ngazi yangu umetwaa, kwa siku mbili jirani,
Mwezi mzima wajaa, ngazi i kwako uani,
Hodi zangu wakataa, kumbe umo ukumbini,
Karafuu zachakaa, zawa mpeta mtini.

Mhasibu mmoja wa Mkoani, yuleyule wa "jiranihuyumwenyewe", akatangaza kwamba mshororo wa mwisho una mizani 14 badala ya 16 na kwamba shairi lote ni guni, yaani lina kasoro. Alikuwa hakuihesabu m ya "mpeta", yaani karafuu iliyopitiliza kuiva, wala ya "mtini", kwa hoja kwamba herufi isiyo na irabu haina sauti. Mwalimu mstaafu akamweleza kwamba m ya namna hiyo husimama peke yake na kuwa silabi kamili, na kwamba jambo hilo hufundishwa skuli kabla mtoto hajaacha kulia. Majibizano yakaendelea mpaka alfajiri. Nilihesabu na mimi kwa vidole, nikapata 16, nikalala.

Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta ngazi imeegemezwa ukutani kwangu. Ilikuwa ya mianzi, ndefu, kipago cha tatu kutoka chini kimevunjika na kufungwa kwa kamba ya usumba. Inafaa nieleze kwamba huku kwetu, msimu wa karafuu ukifika, ngazi haikai mahali pamoja: wa kwanza huiazima kwa mwenyewe, wa pili huiazima kwa wa kwanza, na wa nne huitumia akiwa hana habari mwenyewe ni nani. Huyo wa nne, aliposoma shairi, aliona kwamba anasemwa, akaangalia ni nani aliyelibandika, akaliona jina langu, akaja usiku kurudisha amana. Mke wangu akataka kujua ngazi hiyo ni ya nini, hasa kwa kuwa anajua mimi hushikwa na kizunguzungu nikisimama juu ya stuli kubadilisha taa. Sikuweza kumweleza bila ya kulieleza shairi, na sikuweza kulieleza shairi bila ya kuvunja siri ya mashindano. Nikasema, "Ni ya watu." Akaniangalia kwa muda mrefu.

Kabla ya adhuhuri ililetwa ya pili, ya chuma, imebebwa na mtoto wa kiume aliyekuwa ametumwa. "Ami, baba anasema umsamehe, hakukusudia, na anasema shairi lako zuri." Nilimwambia kwamba ngazi si yangu na shairi si langu. Akanijibu kwamba yeye ameambiwa ailete tu, akaondoka mbio. Nikabaki na ngazi mbili, ambazo jumla ya vipago vyake inamwezesha mtu kupanda mpaka mahali ambapo mimi sitaki kwenda.

Wakati wa alasiri mtunzi wa Shairi H akapita akienda msikitini. Ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikijua kwamba shairi ni lake. Akaiona ngazi ya mianzi, akakitazama kipago kilichofungwa usumba, akanitazama mimi, akanipa salamu kwa sauti ya chini kuliko ada yake. Jioni akaniletea ubeti wa nyongeza unaomhusu jirani anayejifanya mwenyeji wa washairi ilhali uani kwake pana mali za watu. Vina vilikuwa safi na mizani imetimia. Nikamjibu kwamba muda wa kupokea kazi umekwisha.

Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza aliwapa washiriki wote alama 7 kati ya 10, akieleza kwamba wote ni jamaa zake na kisiwa hiki ni kidogo. Wa pili, mwalimu mstaafu, alizichapa kazi zote kwenye karatasi, akazisahihisha kwa wino mwekundu, akazipiga picha na kunirudishia, na chini ya karatasi ya mwisho aliandika "Tumia muda wako vizuri", nami sijafahamu kama alimkusudia mshairi au mimi. Wa tatu alikataa kutoa alama yoyote kabla ya kutajiwa majina, kwa sababu haiwezekani, alisema, kulipima shairi bila ya kujua aliyelitunga ni mtoto wa nani. Nilimbembeleza mpaka akakubali, akampa Shairi H alama zote 10, kwani na yeye, kumbe, aliwahi kupotelewa na ngazi.

Nikatangaza mshindi wa jumla, maua yakarushwa, kisha nikamkumbusha kanuni ya mwenyeji wa mwezi ujao. Palepale jirani yangu akaandika, mbele ya jumuiya nzima, kwamba kwa uaminifu hawezi kupokea heshima hiyo, kwa sababu shairi lile kwa hakika ni la marehemu babu yake, yeye alilinakili tu. Mshindi wa pili alikuwa ndugu wa London, ambaye ghafla zile saa 3 zikawa kizuizi kikubwa. Wa tatu alitoka kwenye jumuiya bila ya kuaga, akarudi siku ya pili akiulizia halua. Kwa mujibu wa waasisi, pasipopatikana mshindi, mwenyeji huendelea.

Jirani alikuja na kijana wake kuichukua ngazi ya mianzi. Nilimuuliza, kama shairi ni la babu, ngazi inamhusu nini. Akasema ngazi nayo ilikuwa ya babu, isipokuwa kwenye ngazi yeye ni mrithi. Alipofika mlangoni akarudi kuchukua na halua, nusu yake, kwa niaba ya marehemu. Ngazi ya chuma bado iko uani kwangu. Anayeijua kuwa ni yake na aje aichukue wakati wowote, ila asije na shairi.