Kabla ya snokeli, lala kwanza uvunguni

Kuna kitu kinaniuma kila nikipita gereji siku hizi na nimeona bora nikiandike tu. Mtu kanunua Hilux dabo kebini, ile ya injini ya dizeli ya D-4D, imeshatembea kilomita zaidi ya laki mbili, na hela ya kwanza inayomtoka mfukoni ni ya ngao ya chuma, taa za LED juu ya keria, snokeli (lile bomba linalopanda pembeni ya kioo ili injini ivute hewa ya juu), na kuinyanyua gari inchi mbili ili itishe. Alafu anapanga kwenda Ziwa Natron na mke na watoto. Ukimuuliza oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ilibadilishwa lini anakuangalia tu, ukimuuliza tairi zake ni za mwaka gani anakwambia bado zina nyama. Msimamo wangu mimi ni kwamba gari ya porini inaanzia uvunguni, hela yote iishie huko mpaka kuwe sawa, ndio uanze kuwaza mambo ya juu.

Tuanze na hiyo hiyo snokeli maana ndio wengi wanaipenda. Kazi yake ni ya kweli, injini ikivuta maji badala ya hewa konrodi inapinda, maana maji hayabanwi kama hewa, na hapo umeua injini. Ila mito mingi tunayovuka huku maji yanaishia kwenye habu (katikati ya gurudumu) au chini kidogo ya mlango, hayafiki boneti, na kwa kimo hicho ni difu ndio inayoumia kwanza. Umeendesha saa tatu juani, difu ina moto ukiigusa unatoa mkono, unaitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa ghafla na inatafuta pa kuvuta. Inavuta kwenye kile kidude cha kupumulia juu ya ekseli, na kikiwa kimeziba kwa tope inavuta kwenye oili sili iliyochoka, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, kwa hiyo maji yanaingia ndani na wewe hujui kitu unaendelea na safari. Wiki kadhaa baadae gari inaanza kulia nyuma ukiwa kwenye lami, fundi anafungua nati ya chini na kinachotoka kina rangi ya chai ya maziwa. Hapo beringi zimeanza kuliwa, na krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu, zinafuata. Dawa yake ni mpaipu wa mpira wa mita chache na klipu mbili, unaupandisha kutoka kwenye kile kidude cha kupumulia mpaka juu, wa difu ya nyuma unaufunga karibu na mdomo wa tenki na wa difu ya mbele unauleta hadi kwenye boneti. Basi. Bei yake haikaribii hata robo ya snokeli na sijui kwanini mafundi wengi hawamwambii mteja.

Na kunyanyua gari kwa spesa, kile kipande cha kuongezea kimo, jamani. Hilux ya kuanzia 2005 mbele ina koili na shafti zenye CV jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona), ukiweka spesa kubwa juu ya koili hujaongeza nguvu yoyote, umebadilisha pembe tu, CV inafanya kazi imejipinda muda wote na ule mpira wake wenye mikunjo unapasuka mapema. Ukishapasuka grisi inarushwa nje vumbi linaingia ndani, na vumbi la njia ya Engare Sero pale chini ya Ol Doinyo Lengai ni majivu ya volkano, laini kama unga na linasaga chuma. Kama unataka gari ikae juu kidogo nunua springi na shokapu zinazolingana na mzigo wako, ukikosa hela subiri, gari ya kimo chake cha kiwandani yenye bushi nzima inafika kote huko.

Kitu ambacho kila mwenye pikapu anaweza kujifunza bila fundi ni kupima mguu wa mbele. Piga jeki, weka na stendi au gogo usiamini jeki peke yake, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza hapo ni beringi au bol jointi (kiungo cha mguu wa mbele). Shika kushoto na kulia utikise, ikicheza ni tairodi (fimbo ya usukani). Alafu izungushe kwa mkono taratibu huku umeshika springi kwa mkono mwingine, beringi mbovu utaisikia vidoleni kabla hujaisikia masikioni. Ni dakika chache tu na inakuepusha na kulala Loliondo unasubiri spea ipande basi kutoka Arusha.

Tairi sasa. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukiona 2314 ujue ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya hivyo hata kama kashata zote (zile nundu za kukanyagia) zipo mpira wake umeshakauka, na inaweza kupasuka ukiwa umebeba mzigo kwenye jua la mchana. Afu upepo! Watu wanajaza 40 psi (kipimo cha upepo wa tairi) wakiwa mjini wanaenda hivyo hivyo mpaka porini, kwenye changarawe yenye mawimbi gari inarukaruka, nati zinalegea, shokapu zinapata moto mpaka zinamwaga oili, na lawama anapewa Toyota. Mimi kwa pikapu yenye mzigo wa kawaida changarawe naenda 26 mpaka 28 na mwendo napunguza, mchanga laini nashuka mpaka 16 au 18, kona sikati kwa nguvu maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni geji nzuri ya upepo na kompresa inayokula umeme wa betri. Ukishusha upepo porini lazima uwe na njia ya kuurudisha.

Lingine linalosahaulika kabisa ni uzito. Pikapu ya aina hii inabeba kama tani moja, na humo kuna abiria, ngao, winchi, hema la juu, kila kitu. Hema la juu ni kilo 50 mpaka 70 na linakaa juu kabisa ambako gari inayumba kirahisi. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20, la dizeli ni kama 17. Jumlisha mwenyewe utashangaa umemaliza uwezo kabla hujaweka mchele na mkaa. Hema la chini linatosha kabisa, hela iliyobaki nunua springi. Ndani beba U-bolti na senta bolti za akiba (za kushikia springi za nyuma), feni belti, filta ya dizeli mbili, tyubu ya saizi yako (tairi ikichanika ubavuni fundi wa kijijini anashona na kuweka tyubu unatembea), chepe, na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo mweusi wa mbuga jeki inazama yenyewe gari ikiwa imesimama. Mzigo ufunge kwa mipira ya tyubu za zamani, hailegei kama kamba. Na kama unaelekea hifadhi ya Katavi acha turubai la bluu nyumbani, mbung'o wanaipenda sana hiyo rangi, ndio maana mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi.

Ukirudi ndio kazi yenyewe, na hapa wengi wanaishia kuosha bodi. Tope la Natron lina magadi, likikaa kwenye chesisi linakula chuma, kwa hiyo osha uvungu kwa maji mengi mpaka yatoke masafi, ndani ya zile reli za chesisi pia. Kama ulivuka maji piga grisi krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) mpaka ile ya zamani itoke yote, na legeza nati za difu zote mbili uangalie rangi ya oili kabla hujaipaki gari.