Sufuria ya maharage na kizungu cha shemeji

Jamani kuna neno la kizungu linaitwa defenestration, lisome taratibu usije ukajing'ata ulimi. Maana yake kumtupa mtu au kitu nje kupitia dirishani, na hiyo fenestra ni dirisha kwa kilatini. Mi nimelijulia kwa shemeji angu, mdogo wake wife, yuko form six anapiga HGL, yaani historia, jiografia na kizungu, na tunaishi nae huku ghorofa ya tatu.

Sasa jumamosi dogo kabandika maharage, kaenda kujisomea sebuleni, kuja kushtuka nyumba nzima moshi, akapaniki akaikamata sufuria na kitenge cha dada ake, hiyooo dirishani! Ikatua kwenye boneti ya mwenye nyumba, ambae ndo kwanza anapaki aje kudai kodi.

Mzee kapanda ngazi anahema, "nani katupa?!" Dogo kasimama wima kama yuko kwenye debate, "Shikamoo mzee, ile ilikuwa defenestration." Kimyaaa. Mzee huwa anajisifia kizungu chake cha zamani, hawezi kuonekana hajui. "Marahaba... aah, defenes... sawa, ila mlitakiwa mtoe taarifa mapema."

Dogo akaona upenyo, akamshushia historia. Kwamba mwaka 1618 huko Prague wakubwa wa Kiprotestanti walivamia kasri wakawatupa dirishani wawakilishi wawili wa mfalme pamoja na katibu wao, kama mita 21 kwenda chini, na wote wakapona! Wakatoliki wakasema Bikira Maria kawadaka, wenzao wakasema wapi, wameangukia lundo la samadi. Yule katibu baadae akapewa ukabaila na jina la von Hohenfall, yaani bwana wa Anguko Refu, hapo mi nikashindwa kujizuia nikacheka, mzee kanikata jicho hilo!! Alaf dogo akamalizia eti ndo ikazuka vita ya miaka 30. Mzee kanyanyuka, "hapa kwangu vita sitaki, nataka boneti."

Boneti tumelipa. Ila jumatatu nashuka nakuta tangazo ukutani: DEFENESTRESHENI ELFU HAMSINI, LIPA KWA MLINZI.

Jioni mama wa ghorofa ya pili kanigongea, "samahani baba nanihii, hiyo hamsini ni ya mwezi au mwaka? Maana hela ya taka tushatoa." Na mpangaji mpya wa chini yeye keshalipa, anadai risiti.